Mwongozo kamili: kutengeneza katuni fupi ya Halloween yenye sauti ya staa mgeni

Kila Oktoba runinga za Marekani, na siku hizi hata majukwaa ya filamu mtandaoni, hurusha katuni fupi za Halloween, ule usiku ambao watoto huvaa mavazi ya kutisha na kupita nyumba kwa nyumba kuomba pipi. Huonyeshwa mara moja kwa mwaka. Nyingi hujinadi kwa jina la staa aliyealikwa kutia sauti. Ndiyo maana anayetaka kutengeneza ya kwake huanza na swali la tutampata nani, wakati hadithi yenyewe haijakaa sawa. Ile ya mvulana Charlie Brown iliyorushwa na kituo cha runinga cha CBS tarehe 27 Oktoba 1966, ambayo bado inatazamwa mpaka leo, haikuwa na staa. Waliozungumza mle walikuwa watoto. Kwa hiyo chukua msimamo huu tangu siku ya kwanza: katuni isimame yenyewe, kisha mgeni aje aiongezee utamu.

Haya ninayoandika ni ya kikundi kidogo, watu wawili hadi watano wenye kompyuta za kawaida, mnaotaka filamu ya dakika 5, muwe Nairobi, Dar es Salaam au Minneapolis. Kipindi cha nusu saa cha runinga ya Marekani, matangazo yakitolewa, hubaki na dakika 21 au 22 hivi. Hizo waachieni wenye studio.

Hatua ya 1: Hesabu kalenda ukianzia mwisho

Halloween ni tarehe 31 Oktoba na haisogezwi. Filamu ikichelewa siku mbili umeikosa mpaka mwakani. Dakika 5 ni sekunde 300. Kwa fremu 24 (picha moja moja) kila sekunde, hizo ni fremu 7,200. Mchoro mmoja ukishika fremu mbili, kama wachoraji wengi wanavyofanya kwenye katuni za mkono, unabaki na michoro 3,600. Tuseme timu yako inamaliza sekunde 5 za picha kwa siku. Zinahitajika siku 60 za kazi, yaani wiki 12.

Sasa rudi nyuma. Filamu iwe tayari mwisho wa Septemba. Toa wiki tatu za muziki na kuchanganya sauti, toa wiki 12 za uhuishaji, umeshafika katikati ya Juni. Sauti zote lazima ziwe zimerekodiwa kabla ya hapo, kwa sababu mdomo huchorwa kufuata sauti. Ukiweka mwezi mzima wa kumfuatilia meneja wa staa (na mwezi huo utaisha wote), hati (maandishi ya hadithi na mazungumzo) na storibodi (michoro ya tukio kwa tukio) vinatakiwa viwe mezani Machi na Aprili. Anayeanza Agosti ajue anatengeneza katuni ya Krismasi.

Hatua ya 2: Chagua kiumbe kisicho na mwenyewe

Mifupa inayocheza, mizimu, wachawi na popo hawana mwenye hakimiliki. Dracula wa kitabu cha mwaka 1897 yuko huru, na zimwi la Frankenstein la mwaka 1818 pia. Mpanda farasi asiye na kichwa wa Washington Irving, wa mwaka 1820, ni wa wote, na shairi la kunguru la Edgar Allan Poe la mwaka 1845 vilevile.

Mtego uko kwenye sura. Lile zimwi lenye kichwa bapa na vyuma shingoni ambalo kila mtu hulichora bila kufikiri halimo kitabuni. Ni sura ya filamu ya Universal ya mwaka 1931, aliyoicheza Boris Karloff, na kampuni hiyo inailinda. Soma maelezo ya Mary Shelley: ngozi ya manjano iliyobana misuli, nywele ndefu nyeusi, meno meupe. Chora hilo, na litakuwa lako.

Kuna atakayeshawishika kumleta Popobawa, lile zimwi la visiwani linalosemekana kuvamia watu usiku, ili kuonja ladha ya nyumbani. Aliyesikia habari za Popobawa Pemba na Unguja anajua kwamba yale si ya kusimulia watoto. Mwache.

Hatua ya 3: Jua usiku wenyewe ulivyo

Hapa ndipo wachoraji wa kwetu hukamatwa. Halloween ni usiku wa mtaa wa Marekani mwishoni mwa Oktoba, na mtaa huo una alama zake. Majani ya miti yamegeuka rangi ya chungwa na hudhurungi, mengine yameanguka na yanachakarika chini ya viatu. Kwenye majimbo ya kaskazini ni baridi, kwa hiyo mama anamlazimisha mtoto kuvaa koti juu ya vazi la mzimu, na mtoto ananuna. Hicho tayari ni kichekesho, na hukukitafuta. Wadogo hutoka mapema na wazazi wao, magharibi inapoingia. Wakubwa hutoka baadaye, makundi makundi.

Nyumba iliyowasha taa ya kibarazani inakaribisha watoto. Iliyozima haina pipi, na mtoto mwenye adabu haigongi. Wasiokuwepo nyumbani huacha bakuli la pipi mlangoni, na kuaminiana. Sheria hizo mbili zinatosha kukupa hadithi nzima.

Halafu boga. Desturi ya kuchonga taa ilitoka Ireland, ambako walitumia tanipu. Wahamiaji walipofika Marekani wakakuta maboga, makubwa na rahisi kuchonga. Kifuniko cha juu hukatwa kwa mshazari ili kisidumbukie ndani. Mwanga unatoka tumboni mwa boga, kwa hiyo uso wa mtoto aliyeinama karibu yake huangazwa kutoka chini, na kivuli cha pua hupanda kwenye paji la uso. Ukichora mwanga huo vizuri, nusu ya kazi ya kutisha imekwisha.

Hatua ya 4: Andika nafasi ya mgeni

Tumia muda mwingi hapa kuliko mahali pengine popote. Mgeni atakupa saa chache za siku moja, pengine akiwa safarini, na huenda usimpate tena kurekebisha hata neno moja. Nafasi yake iandikwe kwa kuzingatia hilo.

Angalia waliofanya vizuri. Mwaka 1990 kipindi cha kwanza cha Halloween cha The Simpsons, katuni ya runinga ya Marekani, kilimwita James Earl Jones, yule yule aliyekuja kuwa Mufasa wa The Lion King miaka minne baadaye, na sehemu ya mwisho ikampa usimulizi wa lile shairi la Poe. Msimulizi hamsubiri mtu, harushiani maneno na mtu; anasoma, anamaliza, anaondoka. Mwaka 2013 Pixar walipotengeneza kipindi chao cha Halloween cha Toy Story walimpa Carl Weathers mwanasesere mmoja wa kijeshi mwenye majivuno, anayejitaja kwa jina lake mwenyewe kila anapofungua mdomo. Na mfano uliopita yote, ingawa si wa Halloween: mwaka 1992 Elizabeth Taylor aliitwa kwenye The Simpsons kumtilia sauti mtoto Maggie. Alisema neno moja. Watu wanalizungumzia hadi leo.

Kwa hiyo nafasi nzuri ya mgeni iko hivi: haizidi kurasa mbili, inaanza na kuisha ndani ya tukio moja au ni usimulizi mtupu, na ukiitoa hadithi bado inaeleweka. Hilo la mwisho ndilo kipimo. Msome hati yote mkiruka mistari ya staa. Kama hadithi inaanguka, andika upya.

Chukua mfano. Boga lililowashwa kibarazani linaongea, na msichana mdogo aliyevaa shuka la mzimu anataka kulizima kwa sababu linamwogopesha. Rasimu ya kwanza huwa hivi:

"Mjukuu wangu, mimi nimekaa kwenye kibaraza hiki tangu asubuhi nikiwatazama watoto wakipita, na nakuambia ukweli, ukinipuliza nikazimika hutajua tena ni nyumba gani ina pipi."

Maana ipo, lakini hakuna mwigizaji anayeweza kuifanya ichekeshe. Pumzi inamwishia katikati. Kata:

"Nipulize, mjukuu wangu. Nipulize tu." (Kimya.) "Halafu utafute pipi gizani."

Ule ukimya ndio mali ya staa. Sauti inayojulikana inajulikana kwa namna inavyovuta pumzi na kusita, kwa hiyo mwachie nafasi ya kusita. Na usimwandikie vichekesho vinavyomhusu yeye binafsi, talaka yake au wimbo wake wa mwaka jana. Katuni ya Halloween hurudiwa kila mwaka. Mwaka wa tatu hakuna atakayekumbuka.

Hatua ya 5: Storibodi na sauti ya muda

Chora storibodi, rekodi sauti zote ninyi wenyewe kwa simu, panga picha juu ya sauti hizo kwa urefu wake halisi. Itazameni mara kadhaa na watoto wawili watatu wasiowajua vizuri, maana wa kwenu watacheka kwa heshima. Yanayochosha yakatwe sasa, kabla hayajachorwa. Video hii mbichi ndiyo utakayomtumia meneja wa staa, na inafanya kazi kuliko barua yoyote.

Hatua ya 6: Kumpata mgeni, na mkataba

Staa wako ni yule ambaye watazamaji wako wanamtambua wakiwa wamefumba macho. Kwa kikundi kidogo mara nyingi huyo ni mtangazaji wa redio, mchekeshaji au mwigizaji wa tamthilia. Waimbaji wa injili usiwapotezee muda. Wengi kwao Halloween ni ushirikina, na watakukatalia kwa upole au kwa mahubiri. Staa wa ngazi ya juu naye hupatikana pale ambapo kazi inamgusa: Lupita Nyong'o ametia sauti na ni mmoja wa watayarishaji wakuu wa Super Sema, katuni yenye asili ya Kenya iliyoanza YouTube mwaka 2021.

Pitia kwa meneja. Ujumbe uwe mfupi na uwe na namba:

"Habari za kazi, kaka. Tunatengeneza katuni ya watoto ya dakika 5 kuhusu usiku wa Halloween, itakayotoka Oktoba. Tunamwomba dada atie sauti ya boga linaloongea: kurasa mbili, kurekodi kusizidi saa mbili, mwishoni mwa Mei, mahali atakapochagua. Malipo ni haya. Video ya majaribio na hati nimeambatisha. Tukipata jibu kabla ya tarehe 10 tutashukuru."

Ukimfuata mwigizaji wa Marekani, kumbuka wengi wao ni wanachama wa SAG-AFTRA, chama cha waigizaji, na mwanachama hapaswi kufanya kazi isiyo chini ya mkataba wa chama hicho, hata kama ni rafiki yako na amesema atafanya bure. Chama kina mikataba ya filamu za bajeti ndogo. Anza na hiyo.

Kwenye mkataba msisahau haya: filamu itaonyeshwa wapi na kwa miaka mingapi (andikeni kwamba itarudiwa kila Oktoba), kama jina na picha yake vinaruhusiwa kwenye matangazo, kama ataitwa tena kurekebisha mistari na kwa malipo gani, na jina lake litaandikwaje. Hilo la jina si dogo. Mwaka 1991 Michael Jackson alitia sauti kwenye The Simpsons, lakini kwa sababu ya mikataba yake aliandikwa kwa jina la John Jay Smith, na sehemu za kuimba zikafanywa na mwimbaji mwingine, Kipp Lennon. Kama mgeni wako ni mwanamuziki, uliza mapema kama lebo yake inamruhusu kuimba hata mstari mmoja.

Uwe na mbadala. Kipindi cha Halloween cha Shrek cha mwaka 2010 kilitoka bila Eddie Murphy, mwenye sauti ya Punda kwenye filamu zake. Punda alitiwa sauti na Dean Edwards, na watoto walitazama.

Mbadala ni mwigizaji mwingine anayejulikana kwa jina lake mwenyewe. Usitafute mtu wa kuiga sauti ya staa aliyekukataa kisha ukaacha watu wadhani ni yeye. Mwaka 1988 mahakama ya rufaa ya Marekani ilikubaliana na mwimbaji Bette Midler dhidi ya kampuni ya magari ya Ford, iliyotumia mwigaji wa sauti yake kwenye tangazo baada ya yeye kukataa. Na programu za akili mnemba zinazonakili sauti ziache kabisa: jimbo la Tennessee lilipitisha sheria mwaka 2024 mahsusi kulinda sauti ya mtu dhidi yake. Hata pasipo na sheria hiyo, ni wizi.

Hatua ya 7: Siku ya kurekodi

Chumba kitangulie maiki. Maiki ghali kwenye sebule yenye vigae itarekodi vigae. Kama hamna studio, chumba kidogo chenye nguo nyingi, mazulia na magodoro ukutani kitafaa. Zima feni, zima friji iliyo jirani, na msikilize dakika nzima mkiwa kimya kabla mgeni hajafika. Ukisikia bodaboda, wengine watazisikia pia.

Maiki ikae shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili "p" na "b" zisilipuke, na chujio mbele yake. Rekodi kwa WAV, 48 kHz na biti 24. Sauti ya kawaida icheze karibu na -12 dB ili apigapo kelele ibaki nafasi. Hati ichapishwe kwa herufi kubwa, upande mmoja wa karatasi, bila kubanwa pini, na sentensi isikatwe na mwisho wa ukurasa, maana karatasi ikigeuzwa inasikika. Weka maji yasiyo baridi na tufaha la kijani. Kipande kimoja huondoa ile milio ya mate mdomoni. Mwambie mapema asivae bangili wala koti linalochakarika.

Akifika, msalimieni kama mgeni yeyote wa heshima, kisha muanze kazi. Msimpange mstari wa kupiga naye picha. Picha ni baada ya kumaliza.

Anza na mistari tulivu, umalizie na mayowe. Halloween ina mayowe mengi, na koo likishakwaruza halirudi siku hiyo. Kila mstari urudiwe mara tatu mfululizo bila kusimamishwa, kila mara kwa nia tofauti. "Nipulize tu" aiseme kwa kubembeleza, kisha kama amechoka, kisha kama anamtega mtoto. Anayeongoza awe mmoja. Watu wanne wakitoa maoni, staa atamsikiliza meneja wake na kutazama saa.

Na unapomwongoza, mpe hali, usimpe matokeo. "Fanya ichekeshe zaidi" haimsaidii mtu. "Mshumaa umebaki urefu wa kidole na upepo umeanza" inampa kitu cha kushika. Mmoja wenu asome mistari ya mtoto mbali na maiki, ili mgeni ajibu mtu badala ya kujibu ukuta. Usimsomee yeye namna ya kusema. Wengi huchukia hilo, na wasiochukia watakuiga, nawe hukumleta akuige.

Kabla hajaondoka rekodi pia: kucheka kwa aina tatu, kuhema, kukohoa moshi, kushtuka, kupuliziwa, jina la kila mhusika peke yake, iwapo hadithi itabadilika, na sekunde 30 za chumba kikiwa kimya, za kuzibia mapengo wakati wa kuhariri. Mwombe ruhusa ya kumrekodi uso kwa simu. Mchoraji ataona nyusi zinavyopanda kwenye "gizani", na atazitumia. Nakili mafaili sehemu mbili kabla hujamsindikiza mlangoni.

Hatua ya 8: Mdomo na mwili

Kiswahili kinamrahisishia mchoraji: silabi nyingi huishia na irabu, na irabu ni tano tu. Maumbo manane ya mdomo yanatosha: a, e, i, o, u, midomo iliyofungwa ya m, b na p, meno juu ya mdomo wa chini kwa f na v, na mdomo uliopumzika. Angalia maneno kama "mtoto" na "mbwa": midomo hufunga kwanza na kushikilia, na ukiliruka hilo mtazamaji atahisi kasoro bila kujua iko wapi. Programu ya bure ya Rhubarb Lip Sync hutambua Kiingereza isipoelekezwa. Kwa Kiswahili chagua kitambuzi chake cha kifonetiki, kisha rekebisha kwa mkono. Kwa kuchora, programu za Blender na OpenToonz zote ni za bure. Mdomo utangulie sauti kwa fremu moja au mbili.

Lakini mdomo ni jambo dogo. Boga halina mabega wala mikono. Uhai wake ni mwali: upande akicheka, uinamie upande akihuzunika, na kwenye ule ukimya ubaki umesimama wima bila kutikisika.

Hatua ya 9: Muziki na milio

Tocata na fuga ya Bach ya D ndogo na Danse macabre ya Saint-Saëns ya mwaka 1874 haziko tena chini ya hakimiliki. Rekodi zake ni suala jingine. Ile uliyoikuta YouTube ina wenyewe. Pata mpiga kinanda awapigie upya. Mifupa inayovunjika ni karoti mbichi mbele ya maiki. Majani makavu ni majani makavu, yaokoteni.

Kila mstari wa staa usiwe na muziki unaopanda chini yake. Kwa runinga ya Marekani kiwango cha sauti ni -24 LKFS, Ulaya -23 LUFS (vyote ni vipimo vya ukubwa wa sauti). YouTube hushusha inayozidi -14 LUFS hivi.

Hatua ya 10: Kuiachia

Ukipandisha YouTube, ukiitaja kuwa ya watoto, kama inavyopaswa, maoni yatafungwa na matangazo yanayomfuata mtazamaji hayatawekwa. Panga kipato ukijua hilo. Jina la mgeni lije baada ya watoto waliotia sauti kuu, kwa herufi zilezile za kwenye mkataba.

Iachie wiki moja kabla, siyo siku yenyewe, maana tarehe 31 watoto wako nje wanazunguka mitaani. Saa kumi jioni ya New York, watoto wakishatoka shule, ni saa tano usiku ya Afrika Mashariki, kwa kuwa wakati huo Wamarekani bado hawajarudisha saa nyuma. Mtumie meneja kiungo na vipande viwili vya sekunde 15 asubuhi ya siku hiyo, ili staa akitaka kuweka kwenye kurasa zake asianze kukata video mwenyewe.